Jina Lililoshika Ubao

Elsa aliingia bila hodi, akawapita watu waliokuwa wakingoja fotokopi, akaweka kidole chake juu ya meza ya Mariette kama mtu anayeweka nyama kwenye mizani.

"Angalia," akasema.

Ncha ya kidole ilikuwa nyeusi. Mariette alidhani ni makaa. Huko Vulamba, mtaa wa Butembo, mwanamke asiye na makaa kwenye vidole asubuhi, ujue nyumbani kwake hawajala.

"Ni nini hiyo, mama?"

"Ni jina ya mutoto wangu."

Wale wa fotokopi wakageuka.

"Jana tulizika. Sanduku hatukuifungua, balituambia tusifungue. Basi tukapita mumoja mumoja, tukagusa pale kwenye jina. Mimi mama yake njo nilikuwa wa mwisho. Nikakuta 'Sa', kisha hakuna kitu. Batu balikuwa bamemumaliza Sadrack wangu na vidole. Nikagusa ile 'Sa', nayo ikanifuata. Eko hapa. Angalia."

Mariette alikuwa mwanamke wa majibu. Ukilalamika kwamba picha yako imetoka mbaya, anakuuliza kama nyumbani hamna kioo. Ukisema bei yake ni kali, anakuonyesha mlango na kukuambia kwamba kutoka ni bure. Siku hiyo alitafuta jibu, akaokota la karibu.

"Muligusa na mikono ya mafuta?"

Alijua neno limeoza kabla halijamaliza kutoka mdomoni.

"Tuligusa na mikono ya machozi," Elsa akasema. "Hii mashine yako ya kuchapa, hii imprimante, haiyazoee machozi? Katika hii inchi yetu?"

Akatoka. Kile kidole alikishika mbali na kitenge chake, hakutaka kukipangusa.

Bureau ya Mariette, duka lake la kuchapa, ilikuwa chumba kimoja cha mbao kando ya barabara, upande huu karakana ya Papa Kasonia mwenye kutengeneza masanduku ya maiti, upande huu saluni ya Shekinah. Watu walipenda kucheka kwamba hapo unaweza kusukwa nywele, kuchapa mwaliko wa ndoa, na kupimwa sanduku bila kuvuka barabara. Mariette alichapa barua za kuomba kazi, programu za kwaya, karatasi za mitihani. Lakini mkate wake hasa ulitoka kwa Kasonia.

Zamani Kasonia aliandika majina ya marehemu kwa burashi na rangi nyeupe. Mkono ukaanza kutetemeka, majina yakaanza kupinda, na familia moja ikamwambia mbele ya watu kwamba mzee wao hakuishi akiwa amelewa, basi asizikwe hivyo. Ndipo alipogonga ukuta wa mbao na kumwuliza Mariette kama mashine yake inaweza kutoa jina linalobandikwa. Inaweza. Karatasi nyeupe yenye gundi mgongoni, etiketi, kubwa kama kiganja cha mwanamume: msalaba, picha, jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Watu wakapenda. Wakasema sasa mtu wao amekuwa propre, safi.

Na miaka ile masanduku mengi yaliyokwenda upande wa Beni hayakufunguliwa tena. Wale watu wa msituni, waliokuwa wakiua wakulima kwa mapanga, walikuwa hawaachi uso wa kuonyesha. Kwa hiyo familia ilipewa sanduku lililopigwa misumari, na juu yake ile karatasi. Ndiyo waliyoilia. Ndiyo waliyoigusa wakipita.

Kasonia alikuwa na sheria moja: etiketi inabandikwa karakanani, ubao ukiwa mkavu, anaikandamiza na kitambaa mpaka kingo zinalala. Hakukubali kubandika njiani wala kwenye mvua, gundi haishiki. Basi masanduku yake yaliondoka Butembo yakiwa na majina tayari na ndani hamna mtu, yanakwenda kumtafuta mwenyewe huko aliko.

Elsa alipoondoka, Mariette alichukua etiketi iliyobaki mezani tangu wiki iliyopita, akaisugua na kidole gumba. Jina lilitoka kama masizi kwenye tako la sufuria. Akawaambia wale wa fotokopi warudi kesho, akampigia simu Zorobabel.

Zorobabel alikuwa fundi wa imprimante, aliyefungua mashine nyingi kuliko alizofunga. Alifika mbio, mfuko wa bisibisi kifuani, akatazama kabla ya kuvua kofia.

"Mama Mariette, hii ni tona, ile poda ya kuandikia. Ni ya magendo, ilipita mupaka wa Kasindi chini ya maharagi. Banajazaka vumbi tu."

"Basi weka ile yenye haikupita chini ya maharagi."

Akaweka nyingine. Wakachapa, wakasugua, jina likatoka.

"Ni karatasi. Unaiwekaka wapi?"

"Hapo chini, kwa ukuta."

"Juu ya simenti? Na hii baridi ya kwetu?" Akachukua karatasi moja, akaiweka shavuni kama anayempima mtoto homa. "Imekunywa ukungu. Poda haishike kwa karatasi yenye kulowa."

Mariette akaenda kuchukua pakiti aliyoiacha chumbani kwake imefungwa kwenye plastiki. Ilikuwa afadhali, lakini jina lilifutika bado, na tena palikuwa na alama nyeupe inayorudi mahali palepale kila karatasi, kama jino lililong'oka. Zorobabel akafungua mashine, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akakuta gundi ya etiketi za bei rahisi imeganda kwenye rola. Akaikwangua na kitambaa chenye spiriti. Alama ikaisha, lakini jina likafutika vilevile.

"Unaiambiaka nini, hii mashine?" Zorobabel akauliza.

"Niiambie nini? Niisalimie?"

"Uiambie unaipa karatasi ya namna gani." Akainama kwenye kioo kidogo cha mashine, akabonyeza, akasoma. Kisha akamtazama Mariette kwa upande. "Mama. Hapa iko 'ordinaire', karatasi ya kawaida."

Mariette akageukia mlango wa uani.

"Poda haina gundi," Zorobabel akaendelea, maana akianza hanyamazi. "Ni moto njo unaiyeyusha. Ndani muko rola mbili za moto, ile tunaiitaka 'four', tanuru. Etiketi ni karatasi mbili na gundi katikati, ni nzito, moto haufike. Ukiiambia 'ordinaire', inapita mbio, poda inalala tu juu kama vumbi juu ya meza. Ukiiambia 'étiquettes', four inaongeza moto na karatasi inapita polepole. Na ufungue kamulango ka nyuma, itoke imenyooka, isijikunje. Ni hiyo tu. Nani aliweka 'ordinaire'?"

"Mimi," Mariette akasema. "Na funga mudomo kabla inzi haijaingia."

Ni yeye, na alijua kwa nini. Umeme wa mji ulikuwa ukija na kwenda unavyotaka, basi yeye, Kasonia na Shekinah walinunua jenereta moja ndogo pamoja, wakaiweka uani. Ilibeba randa ya Kasonia, ikabeba mashine za Shekinah za kukausha nywele. Lakini imprimante ikiwekwa kwenye etiketi ilivuta umeme mwingi, jenereta inakohoa, taa zinafifia, randa inanasa kwenye ubao, na mteja wa Shekinah anatoka amekauka nusu kichwa. Waligombana hadi watu wa upande wa pili wa barabara walileta viti. Mwishowe Mariette akabonyeza 'ordinaire' ili apumue. Etiketi zilitoka nyeusi, nzuri kwa macho. Nani anasugua jina la maiti dukani?

Jioni hiyo alikwenda kwa jirani zake, akasema kwa ufupi, jambo ambalo hakulizoea. Siku ya etiketi, Shekinah azime na Kasonia azime, mpaka karatasi itoke. Kasonia akakubali papo hapo. Shekinah akasema, "Yaya, dada yangu, lakini hapana siku ya samedi, Jumamosi ni ya ndoa," na Mariette akasema sawa.

Akachapa upya jina la Sadrack kwa ajili ya msalaba wa kaburini, akalisugua na kitambaa kibichi, likakaa. Akampelekea Elsa nyumbani kwa miguu yake. Elsa akaipokea etiketi mlangoni, akaisugua naye mara nyingi, kwa nguvu.

"Kumbe ulikuwa unajua kuifanya," akasema, akafunga mlango.

Neno hilo Mariette alilibeba kama kokoto kwenye kiatu. Lilimuuma zaidi kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na mtu asiye na jina popote. Baba yao aliingia msituni upande wa Mutwanga kufuata mbuzi, hawakumwona tena, hata kiatu. Mama yao alikimbilia Butembo na watoto wawili, Mariette na Muyisa, akafia hapo Vulamba. Siku zake za mwisho alikuwa akisema jambo moja tu: baba yenu hana kaburi, msiache mwingine hivyo. Walimzika, na pembeni yake walinunua nafasi ya pili. Mariette alisema ni yake yeye, aliye mkubwa. Muyisa akacheka kwamba dada yake atakufa mwisho, kifo kinaogopa mdomo wake.

Muyisa alirudi Mutwanga kulima kakao ya baba. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kuchelewa, mwenye kucheka kabla mzaha haujaisha. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilizaliwa vimeshikana, na walipokuwa wadogo Mariette alikuwa akimwambia kwamba Nyamuhanga, Muumba, alikuwa na haraka siku ile, akasahau kupasua. Kila alipokuja Butembo Mariette alimwambia, "Acha hiyo kakao." Naye alijibu, "Nikiiacha, wewe utanilisha? Utanilisha na karatasi?"

Simu ya mke wake, Solange, ililia samedi, saluni ya Shekinah ikiwa imejaa.

"Yaya." Kisha, "Yaya, bamebakata na mapanga."

Walikuwa wanaume watatu kwenye shamba, wakivuna pamoja ili wasiogope: Muyisa, na jirani zake Mathe na Kitsa. Vijana wa kujitolea waliwachukua na pick-up mpaka Beni, wakawaweka kwenye hangari ya zamani ya kahawa. Jua lilikuwa kali, walipaswa kufungiwa sandukuni siku hiyohiyo. Hawatafunguliwa, vijana walisema. Msiombe.

Familia zile zilimpigia Kasonia, na Kasonia alikuwa na masanduku matatu tayari, ya urefu mmoja. Alikuja kusimama kwenye mlango wa Mariette na kofia mkononi.

"Mama Mariette, nitaenda kutafuta mutu mwingine aandike."

"Hapana mutu mwingine. Lete majina."

Hakulia. Alijiambia atalia akifika. Aliketi, akatafuta picha ya Muyisa kwenye simu, ile aliyopigwa mlangoni pa bureau akiwa anakula muhindi wa kuchoma, akakata muhindi akaacha uso. Akaandika MUYISA ELIAKIM. Akaandika miaka. Akaandika na wale wengine wawili, MATHE, KITSA, na picha zao ndogo zilizotumwa na jamaa zao. Akatoa karatasi kavu kwenye plastiki, akafungua kamlango ka nyuma, akabonyeza 'étiquettes', akaenda uani.

"Shekinah, zima."

"Yaya, leo? Niko na bibi-arusi na basichana bake bote, bako na maji kichwani!"

"Ni Muyisa."

Shekinah akatazama uso wake, akazima. Kwa upande mwingine randa ya Kasonia ilikuwa imezimwa tayari.

Jenereta ikanguruma chini. Mashine ikakaa, ikapata moto, ikaanza kuvuta karatasi polepole kama mtu anayemeza dawa. Muyisa akatoka mgongoni mwa mashine, amenyooka, wa vuguvugu. Mariette akamsugua na kidole gumba. Akatema mate, akasugua. Akachukua pindo la kitenge, akalilowesha, akasugua hadi karatasi ikang'aa. Jina lilikaa.

Akaingiza ya Mathe.

"Nani alizima?" Alikuwa shangazi wa bibi-arusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. "Ndoa ni saa sita! Padri haingoje! Nyinyi na wafu wenu, wafu bako na haraka gani?"

"Mama, ngoja kidogo," sauti ya Shekinah, "kuko kilio—"

"Kilio iko kila siku! Ndoa ni ya leo!" Na shangazi akawasha mwenyewe, mashine zote kwa mara moja.

Jenereta ikakohoa. Taa zikafifia. Imprimante ikasimama na Mathe amenasa katikati, amejikunja. Huko nje dereva wa lori akapiga honi, kwa sababu kizuizi cha barabara ya Beni kinafungwa mapema na atakayechelewa atalala hapo.

"Mama Mariette!" Kasonia akaita. "Lori inaenda!"

Siku nyingine angemvua yule shangazi nguo kwa maneno tu, akamwacha barabarani. Alisimama. Alitazama etiketi ya Muyisa mkononi mwake, nzima, ya moto bado. Kisha akamvuta Mathe aliyejikunja, akamtupa, akabonyeza 'ordinaire'.

Mathe na Kitsa walitoka mbio, weusi, wazuri kwa macho.

Hakuwasugua.

"Zote zinashika?" Kasonia akauliza.

"Zinashika."

Mzee akabandika, kila moja kwenye sanduku lake, akakandamiza na kitambaa mpaka kingo zikalala. Akafunika turubai. Mariette akapanda mbele pembeni ya dereva, na masanduku matatu yakaondoka na majina yao, matupu, yakicheza juu ya mashimo ya barabara.

Beni, vijana wenye glavu waliyashusha na kuyaingiza hangarini. Wanawake walibaki nje chini ya turubai za kilio, harufu ya chokaa ikiwafikia. Wakasikia nyundo. Kisha masanduku yakaletwa nje, yakalazwa kwenye mabenchi, na watu wakaanza kupita na kugusa. Mpango ulikuwa wazi: Mathe alikuwa wa Wakatoliki, padri alikwisha kufika, Kitsa alikuwa wa Waprotestanti, kwaya yake imesimama, wote wawili watazikwa Beni jioni. Muyisa atarudi kesho na lori kulala pembeni ya mama yake.

Mvua ikaanza, ndogo, ile isiyomfukuza mtu. Watu waliendelea kupita. Mikono ya shamba, mikono ya mvua. Mariette alikuwa ameketi chini pamoja na Solange, akisikia mikono ile ikipita juu ya karatasi, na alijua kinachofanyika bila kuangalia. Mvua ikazidi. Vijana wakayasukuma masanduku haraka chini ya paa, moja huku, moja kule.

Ilipopungua, mama yake Mathe akasimama kwenda kumwita padri. Akafika kwenye masanduku, akasimama. Akatazama moja, akatazama jingine.

"Mathe wangu ni gani?"

Kulikuwa na sanduku moja lenye jina. Mengine mawili yalikuwa na doa la kijivu.

"Ni hii," mtu mmoja akasema.

"Hapana, hiyo ilikuwa huku, ni Kitsa."

"Kitsa ilikuwa kwa mulango!"

"Tuliweka kufuata jina," mkubwa wa vijana akasema, glavu zikining'inia. "Sisi tulifuata jina tu."

"Jina gani? Jina iko wapi?" Mama yake Mathe aligeuza kiganja chake juu, na kilikuwa cheusi. "Na ile moja, mbona inakaa?" Akageuka. "Nani alifanya hizi karatasi?"

Dereva wa lori alimwonyesha Mariette kwa kidevu.

"We mama. Kwa nini ya kwako inashika na ya kwetu inatoka?"

Mwanamke wa majibu alikuwa nayo mengi. Mvua. Karatasi ya magendo. Mikono. Solange alikuwa akimtazama.

"Yangu niliipitisha na moto," akasema. "Zenu sikuzipitisha."

"Juu ya nini? Kwa nini zetu?"

"Jenereta ilikataa." Kisha, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuanza kutoka, "Nilianza na mutu wangu."

Hakuna aliyempiga. Angependa wampige.

"Bon," mama yake Mathe akasema. "Njo wewe utaingia. Bafungue, wewe uangalie, utuambie nani ni nani. Mimi siwezi kuangalia, na hata huyu bibi ya Kitsa hawezi. Wewe unaweza. Wewe uko na roho ngumu."

Mke wa Kitsa, msichana aliyekuwa amefunga mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba mume wake ana kovu la moto kwenye mkono wa kuume, kutoka kiwiko hadi kidole, aliungua utotoni. Hilo ndilo Mariette aingie nalo.

Ndani ya hangari kijana aling'oa misumari ya sanduku la kwanza lenye doa. Alikuwa akipumulia mdomoni.

"Usiangalie upande wa kichwa, mama. Nitakufungulia mikono."

"Anza na miguu," Mariette akasema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda miguu ilikuwa mbali zaidi na kichwa.

Kijana akainua shuka chini.

Mguu wa kuume ulikuwa na matope yaliyokauka. Mguu wa kushoto ulikuwa na matope yaliyokauka, na vidole viwili vilivyoshikana, ambavyo mtu aliyekuwa na haraka alisahau kupasua.

Mariette alisimama pale. Nje kwaya ya Kitsa ilikuwa imeanza wimbo kwa sababu haikujua kitu kingine cha kufanya.

"Ni nani?" kijana akauliza.

"Funika."

"Mama, ni nani?"

"Ni ndugu yangu. Fungua ile yenye jina yake."

Kijana akafungua. Mkono wa kuume, kutoka kiwiko hadi kidole, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa, kovu la zamani. Kitsa alikuwa amelala chini ya MUYISA ELIAKIM. Sanduku la tatu lilibaki kuwa la Mathe, lakini mama yake akataka nalo lifunguliwe, maana sasa hakuna aliyeamini kitu, na alikuwa ni Mathe.

"Mutu alituonyesha kwenye pick-up," kijana alikuwa akisema, karibu kulia. "Alisema mwenye suruali ya bleu njo Muyisa. Kumbe babili balikuwa na bleu. Mama, sisi hatubajue hata mumoja. Tulifuata tu jina."

Mariette alitoka, akamwambia Solange sikioni. Solange akaketi kwenye matope, taratibu, kama mtu aliyechoka. Mariette alibaki wima. Alikuwa akiiona barabara ya kurudi Butembo, lori, yeye mbele, sanduku nyuma na jina lake zuri, kaburi pembeni ya mama yake, na Kitsa ndani. Angemwekea maua. Angemwambia mama: nimekuletea. Na Muyisa angelala hapa Beni, kwa nyimbo za kanisa la wengine, akiitwa jina la mtu. Kama zile karatasi mbili zingeshika, ndivyo ingekuwa.

Hakuna aliyekubali kuinua miili tena kuibadilisha masanduku, na hakuna aliyethubutu kuwaomba vijana. Watabaki walimo. Ubao ndio utakaobadilika. Mtoto wa kwaya alileta kaa la moto uliozimika, na kwenye sanduku la Muyisa, mahali palipokuwa na doa, mtu akaandika jina lake kwa mkono, herufi zikipanda na kushuka.

Kisha mke wa Kitsa akaja kusimama mbele ya Mariette, mtoto akilala mgongoni.

"Yaya, tafazali. Tosha jina yenu, itoke juu ya mutu wangu."

Mariette akapiga magoti kwenye sanduku. Akaweka ukucha chini ya pembe ya etiketi. Ilikuwa imelala kama ngozi. Kasonia aliikandamiza vizuri, ubao mkavu. Akavuta, ilitoka kipande kidogo cha ukingo, cheupe, kisicho na kitu. Akatema mate, akasugua jina lenyewe kwa kidole gumba. Akasugua na pindo la kitenge kilicholowa. Ukucha ukavunjika. Kulikuwa na panga pale, la kukatia matawi ya kibanda, na hakuna aliyetaka kulitoa.

"Wasingya, yaya," mke wa Kitsa alikuwa akisema nyuma yake, "wasingya, inatosha, tutaandika juu yake," shukrani za mtu anayeogopa kuona zaidi.

Mariette hakusikia. Alikuwa amebeba uzito wake wote juu ya kidole kimoja, akienda na kurudi, akienda na kurudi, mpaka karatasi ikawa na damu. Wakaja kumshika mikono. Kaa likapita juu, KITSA, kubwa, na mvua ikaanza tena kulilamba kabla hawajafika makaburini. Chini yake jina la Muyisa lilikuwa bado linasomeka, jeusi, limenyooka, halijapungua herufi hata moja.